Kwa Nini Mashua za Chama Hazitoki Ikitangazwa Dhoruba



Barua tano zimetufikia afisini tangu mkutano mkuu, nne kutoka Wete na moja kutoka Mtambwe, na zote zinauliza jambo moja kwa maneno mbali mbali: kwa nini Chama kimeweka sharti kwamba mashua za mazoezi zisiondoke bandarini siku ambayo redio imetangaza upepo mkali, hata kama jua linawaka na bahari imelala? Mmoja wa walioandika, kijana tunayemjua kwa ufundi wake wa kasia, ametuuliza kama Katibu anaogopa kulowana. Hatukukasirika. Tutamjibu yeye na wenzake kwa kueleza khabari za wiki moja ya mwaka 2024, ambazo baadhi yenu mmezisikia barazani zikiwa zimekwisha kutiwa chumvi, na wengine hamkuzisikia kabisa. Tunazieleza kama zilivyokuwa, na palipo na kosa letu tutalitaja.

Mgeni akilishika jarida hili huenda akastaajabu kwamba wakulima wa karafuu wana habari na mashua za mashindano. Sisi wenyewe hatustaajabu. Wazee wetu walipeleka karafuu zao Unguja kwa majahazi, na kabla ya kufika kwenye chombo kikubwa walizitoa horini kwa madau na mitumbwi, gunia juu ya gunia, kwa makasia na upondo. Mpaka leo si wachache kati yetu wanaofunga gunia nyuma ya baiskeli wakalipeleka kituo cha ZSTC, wakisukuma kilimani na wakishuka bondeni huku wanamwomba Mungu breki zishike. Kasia na baiskeli ni vyombo vya kazi yetu kabla ya kuwa vya mchezo. Tena kijana aliyezoea kupanda mkarafuu mrefu na kuvuta tawi kwa mkono mmoja huku wa pili unachuma, huyo ukimpa kasia hujui kama ndiyo mara yake ya kwanza. Kwa hiyo Kamati ilipoletewa shauri la mashindano baina ya matawi, makasia na baiskeli pamoja, hapana aliyepinga isipokuwa Bwana Mshika Fedha, naye alipinga gharama tu.

Tulipanga mashindano yawe mwisho wa Mei, kabla msimu wa kuchuma haujaanza, na wiki ya mazoezi iwe kuanzia Jumatatu tarehe 29 Aprili mpaka Jumapili tarehe 5 Mei. Ulikuwa mwezi wa Mfungo Mosi, Idi imekwisha kupita na watu wamerudi kwenye shughuli zao. Asubuhi baada ya sala ya alfajiri vijana wapige makasia kutoka gati la Wete kuvuka mpaka Mtambwe na kurudi. Jioni baada ya alasiri wapande baiskeli kwenda njia ya Konde. Tulikodi mashua mbili kwa siku tano na fedha tukalipa mbele. Killa mashua ilikuwa na wapiga makasia sita na mshika usukani mmoja, jumla watu kumi na wanne. Mkufunzi wao alikuwa mzee wetu mmoja, nahodha wa zamani wa majahazi, ambaye alianza kusafiri na karafuu angali mtoto wa kufua maji chomboni.

Ama mvua za masika ya mwaka ule mnazikumbuka. Kenya watu walikuwa wakihamishwa kwa mafuriko, na huko bara Rufiji ilikuwa imefurika tangu Aprili. Kwetu siku mbili za mwanzo zilikwenda vizuri baharini, lakini barabarani ilikuwa ni kichekesho. Jumatatu jioni wapanda baiskeli wanane waliondoka, wakarudi watano wakiwa juu ya baiskeli na watatu wakiwa chini yake, maana walizibeba begani. Ringi moja ilipinda ikawa kama yai. Kijana mmoja ambaye breki zake zilikuwa zimekwisha tangu kabla ya Ramadhani alikuwa akisimamisha Phoenix yake kwa kandambili, na siku hiyo kandambili ilikatika kwenye mteremko, akaingia katika shamba la muhogo la mwanachama wetu. Mwenye shamba alimnywesha maji kwanza, kisha akamhesabia mashina. Jumanne mvua ilinyesha tangu adhuhuri na hapakuwa na baiskeli. Jumatano ilikuwa Mei Mosi, na mvua ilianza usiku haikukatika mpaka saa 5 mchana; wala makasia wala baiskeli.

Basi hesabu yetu ilikuwa hivi: siku tatu zimekwenda, mashua tumezilipia, na mazoezi ya maana ni asubuhi mbili tu. Mawazo kama haya ndiyo yaliyotuingiza makosani.

Tangu katikati ya wiki ile Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa ikitangaza kwamba kuna kimbunga baharini mashariki ya pwani ya kusini, na ikataja mikoa ya pwani na visiwa vya Unguja na Pemba katika mahali pa kuchukua tahadhari. Kimbunga kilipewa jina Hidaya. Majina haya hutolewa na nchi za upande wetu huu wa Bahari ya Hindi, na hapana shaka aliyelitoa hilo alikuwa na nia njema, lakini pale gatini watu walicheka sana wakiulizana ni hidaya gani hii na nani aliyeiagiza. Sisi pia tulicheka. Redio tuliisikia kama walivyosikia wengine, tukasema Mafia ni mbali na Mtwara ni mbali zaidi.

Alkhamisi alfajiri, tarehe 2 Mei, mvua ilikatika. Mbingu ilifunguka upande wa Mtambwe, na bahari ilikuwa kama mafuta. Ulikuwa wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa kwenye robo yake ya mwisho, na maji yalikuwa yanajaa polepole bila ya mkondo wa kutisha. Vijana wote walikuwa wamefika, na wale wa baiskeli pia, maana walitaka kutazama. Nahodha alisimama ukingoni mwa gati na kofia yake mkononi, anatazama kisiwa cha Fundo.

"Mwanangu," alituuliza, "redio mmeisikia?"

Tukamjibu, "Tumeisikia, Mzee. Lakini wanasema kiko mbali."

"Miezi hii upepo wetu ni kusi. Mbona huu wa leo unatoka bara?"

Kweli palikuwa na pumzi kidogo kutoka magharibi, kidogo kiasi cha kutikisa nguo iliyoanikwa na si zaidi. Tukasema, "Si mwingi, Mzee."

"Haujawa mwingi," alisema.

Hakukataza. Yeye ni mtu wa adabu na alijua kwamba Katibu ndiye aliyewekwa na Kamati kuwa msimamizi wa wiki ile. Alingoja neno letu. Vijana nao walikuwa wakituomba, "Mara moja tu, Katibu, kwenda na kurudi," na wa mashua ya pili, ambao ni wadogo zaidi, walikuwa wanachekwa na wenzao kwamba wanaogopa. Tukasema, "Nendeni mpaka Mtambwe mrudi, msipumzike huko." Maneno hayo tuliyasema sisi, si Nahodha, na tunataka wanachama wote walijue hilo, kwa sababu baadaye pale Wete ilivuma kwamba mzee ndiye aliyewatoa.

Kulikuwa na maboya ya kuvaa sita tu. Mashua ya kwanza ilipotangulia kujaza watu, ilichukua yote sita. Hapana aliyehesabu. Vijana walitupa simu zao tuwashikie zisilowe, tukazitia katika mfuko mmoja wa plastiki pamoja na daftari la mahudhurio.

Waliondoka saa 12 na nusu. Mashua ya kwanza ilikwenda vizuri mno, makasia yanaingia pamoja na kutoka pamoja, na tuliona fahari. Ya pili ilikuwa nyuma, kasia moja halina mwendo na wenzake, kama ilivyo desturi ya wanaojifunza. Kama saa 1 na dakika 10 tuliona Fundo inafifia. Mtu akasema ni ukungu. Nahodha akavaa kofia yake akasema, "Si ukungu huo, ni mvua, na inakuja na upepo wake." Hata hatujamaliza kusikia, Fundo ikafutika kabisa, kisha maji ya mbali yakageuka rangi yakawa meupe, na weupe ule ukawa unakuja mbio kupitia mlangoni. Ilipotufika gatini tulishika nguzo. Mashua zote mbili hatukuziona tena. Hata Mtambwe hatukuiona.

Hapo ndipo simu zilipoanza kulia katika mfuko. Wakaao Wete wanajua kwamba mvua ikipiga bandarini imekwisha kupiga mjini, na akina mama walikuwa wamekwisha kufahamu watoto wao wako wapi. Ilianza moja, kisha mbili pamoja, kisha nyingi kwa sauti mbali mbali. Juu ya kioo cha moja palikuwa pameandikwa "Mama". Hatukuipokea. Tungemwambia nini?

Nahodha hakupoteza wakati. Alituuliza ni nani ana kamba, na ni baiskeli zipi zina breki. Akasema kwamba upepo unatoka magharibi, kwa hiyo mashua haiwezi kutoka nje kwenda mkondo wa Pemba, itasukumwa ndani ya hori, na itakwenda kuishia kwenye mikoko ya upande wa Mtambwe. "Lau ungekuwa wa kutoka nchi kavu," alisema, "tungekwenda kuomba dua." Kwa njia ya majini hapakuwa na chombo cha kwenda. Kwa njia ya nchi kavu ni kuzunguka hori yote: kutoka Wete kushika njia ya Chake Chake mpaka Bahanasa, kukata Daya, kisha Mtambwe. Vijana wanne wa baiskeli waliondoka na kamba mbili, panga moja na simu moja iliyofungwa katika mfuko wa nailoni. Wawili kati yao walikuwa katika wale watatu walioanguka Jumatatu. Yule wa kandambili alitaka kwenda, tukamkataza, akakopa baiskeli ya mtu akaenda.

Njia ile siku za jua ni safari nzuri ya jioni. Siku ile, wametuambia, palikuwa na mahali maji ya mvua yalifika kwenye mnyororo, na mteremko mmoja walishuka wamekaa juu ya matope badala ya viti. Walifika Mtambwe saa 3 kasoro. Mashua ya kwanza waliikuta imekwisha kuvutwa pwani salama, watu wake wakiwa wanatetemeka chini ya mwembe. Ilikuwa imefika kabla ya upepo kuwa mkali. Ya pili hawakuiona. Wakaziacha baiskeli, wakaingia kwenye mikoko kwa miguu, wakiita.

Kilichotokea huko majini ni hiki. Wimbi la kwanza liliipiga mashua ubavuni kwa sababu mshika usukani, kijana wa miaka kumi na tisa, alijaribu kugeuka kurudi Wete badala ya kuliangalia wimbi. Hatumlaumu, hapana aliyemfundisha, na somo hilo lilikuwa limepangwa siku ya Ijumaa. Kishwara kimoja kilikatika kasia likaenda, na la pili lilimponyoka mwenyewe mikononi. Maji yaliingia mpaka kwenye viti. Watatu wakafua maji kwa ndoo na kwa viatu, watatu wakabaki na makasia manne, na mashua ikachukuliwa na upepo kama alivyosema mzee, ikaenda kukwama kwenye mikoko ikiwa imejaa. Walipoiruka waliingia matopeni mpaka kifuani. Mmoja wao mguu ulinaswa kwenye mizizi, na chaza walimkata kutoka goti mpaka kifundo. Walikuwa wameshikana mikono wote saba juu ya mizizi, wanasoma, mwenye sura yake na sura yake, waliposikia wanaitwa.

Simu yetu ililia saa 4 kasorobo. Sauti ikasema, "Katibu, wote wapo." Tulikaa chini pale pale gatini katika maji ya mvua. Kisha tukafungua mfuko tukaanza kuzijibu simu moja moja, na sauti yetu haikuwa ikitoka vizuri.

Aliyeumia aliletwa barabarani juu ya keria ya baiskeli, mmoja anaendesha kwa kusukuma na mmoja anamshika nyuma, akatiwa katika gari ya abiria mpaka kituo cha afya, akashonwa nyuzi saba. Alhamdulillahi hapana mwingine aliyezidi homa na kikohozi.

Ijumaa hapakuwa na mazoezi. Baada ya sala alikuja afisini mama wa kijana yule wa nyuzi saba. Ni mjane, ni mwanachama wetu kwa haki yake mwenyewe, ana mikarafuu isiyopungua hamsini aliyoachiwa na marehemu, na kijana huyo ndiye anayeichuma. Tulimkaribisha kiti hakukaa. Alisema, "Mie mwanangu nimewapeni mumfunze makasia. Sikuwapeni mumzamishe. Na simu nimepiga mara tisa." Tukamwomba radhi. Alisema radhi ametoa, lakini anataka kujua ni nani aliyesema watoke. Tukamwambia ni sisi. Akatutazama kidogo, akasema, "Afadhali umesema," akaenda zake. Watu wa kisiwa hiki hawahitaji kukumbushwa bahari inaweza kufanya nini. Hapana mtaa Pemba usiokuwa na nyumba iliyofikwa na msiba wa Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama Nungwi, na mwaka uliofuata, Julai, ikazama Skagit karibu na Chumbe wakati wa upepo mkali. Mama yule hakuyataja hayo. Hakuwa na haja.

Jumamosi tarehe 4 Mei Hidaya kilifika nchi kavu kisiwani Mafia, kisha kikapoteza nguvu. Vyombo vya baina ya Dar es Salaam na Unguja vilikuwa vimesimamishwa. Kwetu ilikuwa mvua na upepo wa kuja na kukatika, minazi inalala na kuinuka. Wanachama watatu walituletea khabari za mikarafuu iliyovunjika matawi, na mmoja mti wake mzima uling'oka ukalala juu ya banda la mbuzi, mbuzi walisalimika. Lau siku zile zingekuwa za bamvua, na maji ya mwezi mpana yakakutana na upepo ule, tungekuwa na maneno mengine ya kuandika juu ya nyumba za pwani.

Jioni ile Nahodha alikuja kutuangalia, na alikuwepo pia mwanachama wetu mmoja aliyesomesha jiografia miaka mingi. Tukawauliza juu ya ule upepo wa kutoka bara. Mwalimu alichukua kisahani akakizungusha mezani. Vimbunga vya upande wetu, kusini ya mstari wa Ikweta, upepo wake huzunguka kama mishale ya saa. Kimbunga kikiwa kusini yetu au kusini mashariki, basi sisi tulio juu yake tunapata upepo wa kutoka magharibi au kusini magharibi. Kwa hiyo katika mwezi wa Mei, ambapo Mpemba anangoja kusi, upepo wa kutoka bara ukisimama huku redio inasema kuna kimbunga chini yetu, huo ndio mkono wa kimbunga chenyewe, hata kama kiko mamia ya maili. Na bandari ya Wete imeelekea magharibi. Kusi haliisumbui sana. Upepo wa namna hii unaingia mlangoni kama mgeni aliyealikwa. Nahodha alisikiliza yote akasema kwamba yeye kisahani hakuwa nacho, lakini nahodha wake wa kwanza alimwambia vivyo hivyo.

Mwalimu aliongeza jambo ambalo linatuhusu sisi wakulima zaidi ya wapiga makasia. Watu wengi husema vimbunga havifiki kwetu, na wana sababu, kwa kuwa karibu na Ikweta ni shida kimbunga kujifunga, na Pemba iko kwenye digrii 5 tu. Lakini shida si muhali. Aprili 1952 kimbunga kilipiga Lindi. Na tarehe 15 Aprili 1872, zama za Sayyid Barghash, kimbunga kilipita Unguja, kikaharibu meli zake bandarini na kung'oa minazi na mikarafuu. Inakisiwa kwamba thuluthi mbili ya mikarafuu ya Unguja ilikwenda kwa siku moja. Mkarafuu, kama mjuavyo, mizizi yake haiendi mbali chini na matawi yake ni mepesi kukatika, na ukiupanda leo utangoja miaka sita au saba kabla ya kuona karafuu ya kwanza. Mwaka ule Pemba iliguswa kidogo tu. Bei ikapanda, watu wakapanda mikarafuu huku kwa wingi, na tangu hapo kisiwa chetu ndicho kilichoshika sehemu kubwa ya karafuu. Tulikaa kimya kidogo tuliposikia hivyo. Mashamba tunayoyajivunia, mengi yake asili yake ni upepo uliowapata wenzetu ukatuacha sisi. Na haikupita hata wiki tatu baada ya Hidaya, kikaja kingine, Ialy, kikapita karibu na pwani ya Kenya, yaani kaskazini kuliko sisi.

Jumapili mvua ilikuwa ya rasharasha. Siku hiyo ilikuwa imepangwa kuwa ya mashindano madogo ya kufunga wiki. Badala yake vijana kumi na mmoja walikwenda kwa yule mama mjane kumpandia miche ya mikarafuu aliyoichukua na hakuwa na mtu wa kuipanda, na wale wanne wa baiskeli walikuwa miongoni mwao. Hapana aliyewaamrisha, sisi tulipata khabari mchana, tukaenda na jembe letu, tukakuta mashimo yamebaki mawili. Ardhi ilikuwa imelowa vizuri. Miche ile mpaka sasa imeshika, ila mitatu iliyoliwa na mchwa.

Mwenye mashua aliturejeshea fedha za siku mbili bila ya kuombwa, na Bwana Mshika Fedha ameziandika. Mashindano ya Mei hayakufanywa. Baadaye, msimu ulipokwisha, tulifanya ya baiskeli peke yake, na aliyeshinda ni yule kijana wa kandambili, sasa akiwa na breki mbili zilizonunuliwa na tawi lake.

Basi hilo ndilo sharti, na ndiyo asili yake. Kamati imeongeza mengine mawili ambayo barua zenu hazikuyalalamikia: boya moja kwa killa kichwa, yatahesabiwa gatini kabla ya kamba kufunguliwa, na neno la kutoka au kutotoka ni la Nahodha, si la Katibu. Hata Katibu akisema nendeni, msiende. Wiki ya mazoezi ya mara hii itatangazwa na matawi, na wenye kutaka kushiriki walete majina kwa makatibu wao wa tawi, pamoja na jina la mzazi na namba ya simu itakayopokewa.

Limebaki jambo moja. Katika makasia mawili yaliyopotea siku ile, moja lililetwa na watoto waliokuwa wakiokota kombe, wakapewa zawadi yao. La pili halijaonekana. Ni la mti wa mvule, limefungwa ukanda wa mpira mweusi shikioni, na kwenye ubapa pamechongwa herufi mbili za jina la aliyekuwa akilipiga. Wanachama wa Fundo, Mtambwe na pwani yote ya huko wakiliona, hata kama limekwisha kuwa boriti ya banda, tunaomba watupe khabari afisini. Hatutalichukua bure.